Sindano Iliyosemwa Iko Juu

Watu wa maabara ile walimwita Dada Mkubwa, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye vidole virefu na miwani iliyofungwa uzi mweusi nyuma ya shingo. Kazi yake ilikuwa kuendesha hadubini ya sindano, mashine iliyowekwa chini ya ardhi, ndani ya shimo la zege, ili mtetemo wa magari ya barabarani usiifikie. Ukimwuliza mtu yeyote pale chuoni nani anaijua mashine ile, angekuambia Dada Mkubwa. Ukimwuliza nani ana roho nzuri, angekuambia Dada Mkubwa pia, na hilo la pili ndilo lililowaponza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya mashine kulikuwa na kipande cha risasi, ile metali laini ya kijivu, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kimesafishwa mpaka vumbi lenyewe limekata tamaa. Risasi ikipozwa kwa heliamu ya kimiminika, baridi ambayo hakuna kilele cha mlima kilichowahi kuionja, umeme hupita ndani yake bila kizuizi hata kidogo. Elektroni, ambazo siku nyingine kila moja hushika njia yake, hutembea mbili mbili. Juu ya uwanda huo hunyunyiziwa atomi za chuma, chache tu, zikae mbalimbali. Kila atomi ni sumaku ndogo, na sumaku ni mgomvi: popote ilipo huvunja zile jozi zinazopita jirani yake. Sindano ikishushwa juu yake, mstari kwenye kompyuta hupanda ghafla na kufanya kilele chembamba, nawe unajua umemkuta mgomvi wako.

Ukisogeza atomi ya pili jirani, mambo hubadilika. Zikiwa mbali, kila moja na lake. Zikikaribiana, zinaanza kuhisiana kupitia risasi iliyo chini yao, na kile kilele kimoja hugawanyika viwili. Sogeza hatua moja, zote zinaelekea upande mmoja. Sogeza nyingine, zinapeana kisogo. Nyingine tena, hazijuani kabisa. Zikisogeleana kupita kiasi zinagandana, na hapo hakuna wa kuzitenganisha. Ufundi wote ni kuisukuma atomi kwa ncha ya sindano, taratibu, na kuamua wewe mwenyewe kama leo hizi mbili zitaelewana au zitagombana.

Dada Mkubwa aliupenda sana uamuzi huo. Aliupenda kazini, na nyumbani aliupenda zaidi.

Nyumbani walikuwa wawili, yeye na mdogo wake, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Mama alifariki Kitinda akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Dada Mkubwa alikuwa mwanafunzi wa uzamivu wakati huo, na Profesa, mkuu wa maabara ile, alimtegemea. Akaacha masomo, akaomba kazi ya kuendesha mashine, akamlea mtoto. Alimlea vizuri, tusimnyime haki yake: sare ilipigwa pasi, homa ilikeshewa, ada haikuchelewa. Ila alihakikisha mtoto anajua. Kitinda akikataa kumaliza chakula aliambiwa, "Mimi nimeacha shule kwa ajili yako, wewe unaniachia mboga?" Mtoto alimeza mboga na machozi pamoja.

Rafiki wa Kitinda akija kutembea, alipewa kiti cha karibu na mlango, na baada ya muda mfupi Dada Mkubwa alianza kufagia. Baadaye akaja fundi umeme mmoja, kijana mpole mwenye mwanya, aliyemtaka Kitinda kwa nia njema. Dada Mkubwa alimpeleka pembeni akamwambia binti ana mchumba, ni aibu tu inamfanya asiseme. Jioni akamkalisha Kitinda kitandani, akamshika mikono, akamwambia yule bwana ana mke na watoto. Hakuna aliyemwuliza mwenzake, kwa sababu kila mmoja aliona kuuliza ni kujidhalilisha. Fundi umeme akabadilisha njia, Kitinda akalia wiki nzima, na Dada Mkubwa akampikia uji akampulizia mpaka ukapoa. Ndivyo alivyokuwa, anauma na kupuliza, na mdogo mtu alikumbuka kupulizwa tu.

Kitinda alipomaliza shahada aliomba nafasi ya uzamivu katika maabara ileile. Nani alimshauri? Dada mtu. Alimtaka karibu, ndani ya jengo moja, juu ya mashine moja. Alimfundisha kila kitu, namna ya kuchonga ncha, kusikiliza mtambo, na kutokohoa wakati sindano iko chini. Akamfundisha pia desturi kubwa ya pale, iliyokuwa ya lazima kuliko kunawa mikono.

Desturi yenyewe ni hii. Heliamu hupungua, na kila ikipungua lazima mtu ashuke shimoni aunganishe bomba na kujaza. Heliamu ikiingia huchemka na kutikisa mashine yote, kwa hiyo kabla ya kujaza sindano lazima inyanyuliwe mbali na risasi. Lakini anayejaza yuko chini, na kitufe cha kunyanyua kiko juu, kwenye chumba cha kompyuta. Zamani kulikuwa na taa ya kuashiria, taa ikaharibika siku mbaya, na Profesa akaapa kwamba hataamini taa tena, ataamini kinywa cha mtu. Basi anayejaza hupaza sauti kutoka shimoni, "Sindano juu?" na aliyekaa kwenye kompyuta hujibu, "Juu!" Bila jibu hugusi koki. Watu walifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewahi kudanganya, kwa sababu nani angedanganya jambo kama hilo?

Sasa Kitinda alikuwa na mkono. Dada Mkubwa alisogeza atomi kwa ustadi wa kujifunza; Kitinda alizisogeza utadhani zimemzoea. Mahali ambapo dada mtu alipoteza atomi tatu kwa kugandana, mdogo mtu hakupoteza hata moja. Siku moja kwenye kikao Profesa, mzee mnene ambaye kusifia kwake kulikuwa adimu, alitazama picha za Kitinda akasema mbele ya watu wote, "Hatimaye mashine hii imepata mwendeshaji."

Hakukusudia ubaya. Watu walicheka, Dada Mkubwa akacheka nao na kupiga makofi. Lakini kijiba cha roho kilimkaa tangu siku ile.

Kitinda alikuwa anatafuta kitu ambacho pale hakijawahi kuonekana. Alitaka jozi moja ya atomi aipitishe hatua zote, kuanzia kutojuana, kuelewana, kupingana, mpaka kutojuana tena, na kila hatua aipime, ili ionekane wazi kwamba mazungumzo ya sumaku mbili yanaweza kuongezwa na kupunguzwa kama sauti ya redio. Mgeni alikuwa anakuja, mwanamke mwenye maabara kubwa ng'ambo, aliyekuwa na nafasi moja ya kazi. Alikuwa ameshamwambia Profesa kwamba binti akimwonyesha jozi hiyo imekamilika, nafasi ni yake. Kitinda alibakiza hatua mbili.

Wiki ile, wakiwa mezani wanakula, Kitinda alisema kwa furaha, mdomo umejaa, "Nikienda, dada, utapumua. Umenibeba sana. Sasa utapata maisha yako."

Kwake ilikuwa shukrani, lakini dada mtu ilimwingia kama kisu. Maisha gani? Yapi hayo yaliyokuwa yanamsubiri mlangoni? Alimtazama mtoto yule akitafuna, akaona tayari yuko kwenye ndege.

"Kula polepole," alisema. "Utapaliwa."

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, wenzao wakiwa bado mkahawani, Kitinda alikuwa kwenye kompyuta, sindano ikiwa juu ya jozi yake. Amemaliza hatua moja kati ya zile mbili. Kipimo cha heliamu kikaonyesha imepungua. Angeweza kusubiri mtu mwingine, lakini dada yake alikuwa pale pale, anafuta miwani.

"Dada, nikalie hapa, uninyanyulie sindano. Nakwenda kujaza mara moja."

"Nenda."

Kitinda akavaa glavu nene na ngao ya uso, akashuka ngazi. Dada Mkubwa akakaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto la mdogo wake. Mbele yake, kwenye kioo, atomi mbili zilionekana kama vichuguu viwili vidogo vilivyokaribiana, na pembeni ule mstari wenye vilele viwili, safi, usio na mtetemo. Yeye katika maisha yake yote hakuwahi kupata mstari safi namna ile. Kitufe cha kunyanyulia kilikuwa chini ya kidole chake cha shahada.

Sauti ikatoka shimoni, nyembamba kwa ajili ya ngao. "Sindano juu?"

Hapa ndipo wengine wangetaka kusikia kwamba alisita, kwamba mkono ulitetemeka, kwamba shetani alimpitia. Hakuna shetani aliyepita. Alikiangalia kitufe, hakukibonyeza, akajibu kwa sauti yake ya kila siku.

"Juu!"

Akasikia bomba likiungwa, kisha koki ikifunguliwa, kisha mvumo. Mstari kwenye kioo ukatetemeka, ukaruka, ukawa weupe mtupu. Akahesabu pumzi moja. Ndipo akabonyeza kitufe kwa nguvu, akapiga ukelele, "Funga! Funga koki! Sindano iko chini!"

Kitinda alipanda mbio, ngao ikining'inia shingoni, glavu moja mkononi. Aliangalia kioo. Palipokuwa na jozi yake palikuwa na shimo, na ndani ya shimo rundo lisilo na umbo. Ncha ilikuwa imezama ndani ya risasi na kuvunjika. Ili kuibadilisha ingebidi mashine iachwe ipate joto, ifunguliwe, isafishwe, ipozwe upya, kazi ya miezi mingi. Mgeni alikuwa anafika wiki ijayo.

"Ulisema juu," Kitinda alisema.

"Nilisema nini?"

"Nimeuliza sindano juu, ukajibu juu."

Dada Mkubwa akavua miwani. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Alikuwa mwanamke wa kulia kwa urahisi. "Mdogo wangu," alisema, "hukuuliza. Nilikuwa naangalia kazi yako, nasubiri uniulize ndipo ninyanyue. Nikasikia mvumo tu. Nimekimbilia kitufe, nimechelewa. Nisamehe."

"Nimeuliza, dada."

"Umechoka, mama. Hujalala vizuri wiki nzima. Ulikuwa unauliza kichwani."

Na kweli Kitinda alikuwa hajalala vizuri. Alijaribu kuisikia tena sauti yake ndani ya ngao, na kadiri alivyoitafuta ndivyo ilivyozidi kufifia. Mtu aliyeuliza swali lile mara mia, ya leo ataitenganishaje na za jana?

Profesa aliita kikao siku ileile. Kompyuta ilikuwa na kumbukumbu ya sindano: ilikuwa chini heliamu ilipoingia, na ilinyanyuliwa kwa kishindo muda mfupi baadaye, sawasawa na maelezo ya Dada Mkubwa. Maneno ya watu haikuyaweka. Profesa alimgeukia mwenye miaka yote ile mashineni bila doa, kisha akamgeukia binti mwenye macho mekundu.

"Uliuliza au hukuuliza?"

Kitinda alimtazama dada yake. Dada yake aliyemkeshea homa, aliyeacha shule. Mtu huyo aseme uwongo? Kati ya mambo mawili, hilo ndilo lilikuwa haliwezekani kabisa.

"Sikumbuki vizuri," alisema. Kisha, kwa kuwa jibu lile halikutosha machoni mwa watu, akajimaliza mwenyewe. "Nadhani sikuuliza."

"Msimfokee," Dada Mkubwa alisema upesi, akamwekea mkono begani. "Lawama nipeni mimi. Nilipaswa kunyanyua bila kuulizwa." Na watu wakamwona ni malaika. Profesa alimwondoa Kitinda kwenye mashine mpaka itakapotolewa taarifa nyingine, na ile taarifa nyingine mpaka leo haijatolewa.

Siku zilizofuata Kitinda alianza kuharibika taratibu, bila kelele. Aliporudi kutoka dukani alisimama mlangoni akauliza, "Dada, nimeilipia ile sabuni au nimeichukua tu?" Alifunga mlango, akaenda hatua chache, akarudi kuutikisa. Usiku kabla ya kulala, "Dada, nimezima jiko?" Na jiko alikuwa amelizima, kila mara, yule binti hakuwa msahaulifu hata siku moja ya maisha yake. Dada Mkubwa aliangalia jiko, akasema, "Umezima, lakini vizuri umeniuliza." Alisema hivyo kwa upole mkubwa. Zamani Kitinda alikuwa akimsimulia habari za kazini huku akitembeatembea sebuleni. Sasa alikaa chini, karibu, akisubiri kuambiwa. Nyumba ilitulia. Dada Mkubwa alilala usingizi mzito, na asubuhi aliimba akichemsha maji.

Mgeni alifika kama alivyopangiwa. Alikuwa mama wa makamo mwenye nywele fupi zilizoanza mvi, viatu vya kutembelea, na tabia ya kuuliza swali moja na kunyamaza. Aliomba kuonyeshwa jozi, akaambiwa habari ya ajali. Akaomba basi aonyeshwe vipimo vya kabla ya ajali. Alivitazama muda mrefu, akirudia ukurasa kwa ukurasa, mpaka Profesa akaanza kukohoa.

"Hatua ya mwisho tu ndiyo iliyokosekana," mgeni alisema. "Mimi siajiri hatua ya mwisho. Naajiri mkono uliofanya hizi nyingine. Binti, nafasi ipo bado. Unaitaka?"

Chumba kizima kilimgeukia Kitinda. Uso wake ulifunguka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na ilionekana wazi kwamba analitaka jambo lile kwa roho yake yote. Halafu akatazama mikono yake.

"Naitaka," alisema. "Lakini lazima niwe mkweli. Mimi ndiye niliyevunja mashine. Sikuuliza. Au niliuliza, sijui. Mambo mengi siku hizi siyajui kama nimeyafanya." Akageuka. "Mwulize dada yangu. Yeye ananijua kuliko ninavyojijua."

Mgeni akamgeukia Dada Mkubwa. "Wewe ndiye uliyemfundisha, na ndiye uliyemlea, nimeambiwa. Nikimpa mashine yangu, nitalala usingizi?"

Swali lilikuwa jepesi. Hakuna aliyemtaka aungame chochote. Asingehitaji kusema nani alisema juu na nani hakusema. Neno moja dogo, "Utalala," lingetosha, na mtoto angepanda ndege, na siri ingekaa salama mahali ilipo mpaka kaburini. Angeweza kushinda vyote viwili. Kitinda alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Dada Mkubwa alifuta miwani yake, akaivaa.

"Ni mtoto mzuri," alisema. "Ana mkono ambao mimi sina. Nampenda kuliko kitu chochote, na kwa sababu nampenda siwezi kukudanganya. Ni wa kuangaliwa. Akiwa na mtu karibu wa kumwangalia, hana tatizo. Peke yake, huko mbali…" Akatikisa kichwa.

Mgeni akazikusanya karatasi za vipimo, akazirudisha kwa Profesa, akamwambia Kitinda kwa huruma ya kweli kwamba apumzike, na kwamba afya ni jambo la kwanza. Kitinda alisema asante. Alisema asante mara nyingi mno, mpaka Profesa akamfungulia mlango.

Nje, kwenye korido ndefu yenye taa za mchana kutwa, aliegemea ukuta akalia kwikwi, amejifunika uso kwa viganja vilevile vilivyosifiwa. Dada Mkubwa alisimama kando yake, akamwacha alie mpaka atosheke. Moyoni hakuona aibu. Aliona raha, tena raha pana, ya mtu aliyerudishiwa kilichokuwa chake.

"Ungeweza kunisemea vizuri tu," Kitinda alisema alipopata pumzi, "na mimi ningekwenda kuua mtu huko. Hukunidanganya, dada. Mwingine angenidanganya." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Naomba usiniache."

"Nikuache niende wapi?" alijibu dada mtu.

Akamshika mkono, kama anavyoshikwa mtoto wa kuvushwa barabara, na Kitinda, mwanamke mzima, akakubali kuvushwa.